Suresh Canagarajah: Mhadhiri wa Kiingereza aliyesoma pembezoni mwa vitabu vya wanafunzi wake

MWAKA 1990, wakati maelfu ya Watamil wakiikimbia rasi ya Jaffna kaskazini mwa Sri Lanka, mhadhiri mmoja wa Kiingereza alikuwa akirudi huko. Suresh Canagarajah alikuwa amekwisha kutunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, na hakuna ambaye angemshangaa kama angetafuta kazi hukohuko. Alirejea katika Chuo Kikuu cha Jaffna, ambako alikuwa ameanza kufundisha mwaka 1984, akapangiwa darasa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani za sanaa waliotakiwa kusoma Kiingereza wapende wasipende.

Darasa hilo lilikuwa na wanafunzi 22. Aliyoyaona humo, pamoja na yale yaliyompata yeye mwenyewe alipojaribu kuyaandikia majarida ya Marekani na Ulaya, ndiyo yaliyomfanya awe miongoni mwa wataalamu wanaotajwa sana duniani katika mjadala wa namna watu wa tamaduni tofauti wanavyojifunza lugha ngeni bila kuacha ya kwao. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Baruch jijini New York, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na vitabu vyake husomwa katika vyuo vya ualimu vya mabara yote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, swali lake ni la nyumbani kabisa. Mwalimu wa kidato cha kwanza anayefundisha biolojia kwa Kiingereza, akaona macho ya darasa zima yamepotea, akafunga mlango na kueleza upya kwa Kiswahili, anafanya jambo ambalo Canagarajah alilichunguza kwa miaka mingi. Je, mwalimu huyo anavunja kanuni, au anafundisha?

Kiingereza cha siri

Katika maandishi yake kuhusu maisha yake mwenyewe, Canagarajah anasimulia kwamba wazazi wake walikijua Kiingereza na Kitamil, na walipotaka kuzungumza mambo ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia walihamia Kiingereza. Kama ilivyo kwa watoto wote, siri hiyo ilimvuta. Alitega sikio, akaunganisha neno hili na lile, na haikuchukua muda akawa anaelewa kinachosemwa. Si ajabu mtu aliyejifunza lugha kwa njia hiyo akaja kuamini kwamba wanafunzi hujifunza mengi mahali ambapo mwalimu hajakusudia.

Alisoma shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Kelaniya, karibu na Colombo, kisha akarudi kaskazini kufundisha. Chuo Kikuu cha Jaffna chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza mwaka 1974 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Sri Lanka, na kikapata kujitegemea mwaka 1979.

Nchi aliyokuwa akifundisha ilikuwa imekwisha kuchomeka kwa sababu ya lugha, miongoni mwa sababu nyingine. Mwaka 1956, miaka minane baada ya uhuru, bunge la Ceylon lilipitisha sheria iliyokifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya serikali. Watamil, ambao wengi wao walikuwa wameingia katika utumishi wa umma kwa kutumia Kiingereza cha shule za misheni, walijikuta wakitakiwa kujua lugha ya wenzao ili wapate kazi au kupandishwa cheo. Usiku wa kuamkia Juni 1, 1981, Maktaba ya Umma ya Jaffna ilichomwa moto, na takriban vitabu na miswada 97,000 ikateketea, mingine ikiwa ya majani ya mtende ambayo haikuwa na nakala popote. Julai 1983 yalizuka machafuko dhidi ya Watamil, na vita vilivyofuata havikwisha hadi Mei 2009.

Katika mazingira hayo Kiingereza kilikuwa na sura mbili. Kilikuwa lugha ya mkoloni aliyeondoka mwaka 1948. Kilikuwa pia njia ya kupita kando ya Kisinhala, na tiketi ya kwenda London au Toronto kwa yule aliyekuwa na ndugu huko. Mhadhiri aliyekifundisha hakuweza kujifanya kwamba anafundisha sarufi tu.

Michoro ya pembezoni

Kitabu cha kiada cha darasa lile kiliitwa American Kernel Lessons. Kilikuwa msaada kutoka nje, nacho kilijaa maisha ya Kimarekani: ofisi, safari za ndege, maduka makubwa, na watu ambao shida zao zilikuwa za mtu mwenye umeme, gari na mshahara wa kila mwezi. Nje ya dirisha kulikuwa na vita.

Wanafunzi walipoulizwa walisema wanakihitaji Kiingereza, kwamba bila hicho hawawezi kusonga mbele. Lakini kadiri muhula ulivyoendelea mahudhurio yalipungua. Waliobaki walikaa kimya wakati wa mazoezi ya mazungumzo, yale ambayo wataalamu wa Magharibi walikuwa wakiyasifu kama njia ya kisasa, na badala yake wakadai wapewe kanuni za sarufi waziandike na kuzikariri kwa ajili ya mtihani. Mhadhiri aliyesomea nadharia za ukombozi wa elimu angetarajia wanafunzi waliochoshwa na ubeberu wadai mbinu mpya. Hawa walidai mbinu ya zamani.

Kisha Canagarajah aliviomba vitabu vyao avitazame. Pembezoni mwa kurasa, kando ya picha na mazungumzo ya Kiingereza, wanafunzi walikuwa wameandika na kuchora kwa muda wote wa kozi. Wahusika wa Kimarekani walikuwa wamevishwa sura za Kitamil na kugeuzwa kuwa waigizaji wa filamu za Kitamil. Maneno ya mapenzi yaliyotoka katika nyimbo za filamu yaliandikwa vinywani mwao. Kulikuwa na utani, na kulikuwa na mambo ya mapambano ya wapiganaji. Ilikuwa kana kwamba kitabu kile kilikuwa na somo la pili, ambalo mwalimu hakualikwa kulihudhuria.

Makala aliyoandika kuhusu darasa hilo ilitoka mwaka 1993 katika TESOL Quarterly, jarida linaloongoza katika taaluma ya ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni. Uzuri wake ni kwamba haikuwatukuza wanafunzi. Canagarajah aliandika kwamba kuna tofauti kati ya kupinga kwa kununa na kupinga kwa kujua unachokitaka. Michoro ile ilionyesha kwamba wanafunzi walihisi wazi kuwa kitabu kinawaletea utamaduni usio wao. Lakini kule kukimbilia sarufi ya kukariri, ingawa kuliwakinga na utamaduni huo, kuliwaacha pia bila uwezo wa kukitumia Kiingereza kwa mambo yao wenyewe. Walishinda vita vidogo na kupoteza kikubwa. Ni hoja ngumu kidogo kuikubali kwa wale wanaopenda kuamini kwamba kila mgomo wa mwanafunzi ni ukombozi, na labda ndiyo sababu makala hiyo imeendelea kusomwa.

Kanuni za Makerere

Wakati huo taaluma ilikuwa imetikiswa na kitabu cha Robert Phillipson, Linguistic Imperialism, kilichotoka mwaka 1992. Sehemu kubwa ya kesi ambayo Phillipson aliijenga ilianzia Afrika Mashariki. Mwaka 1961, kabla Uganda haijapata uhuru, wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Phillipson alitoa katika mwelekeo wa mkutano ule mambo matano ambayo, kwa maoni yake, yaliongoza kazi hiyo kwa miongo iliyofuata: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kuanza mapema ni bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa saa nyingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mema, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Yote matano aliyaita potofu.

Canagarajah alikubaliana na sehemu kubwa ya madai hayo, ila aliona kitabu kilitazama mambo kutoka juu sana: serikali, mashirika, mikutano na fedha. Alitaka kujua kinachotokea mlango wa darasa unapofungwa. Kwa hiyo alikwenda katika shule za sekondari za Jaffna kusikiliza walimu wa Kiingereza wakifundisha.

Walimu hao, wengi wakiwa wamefundishwa kwamba Kitamil hakina nafasi katika kipindi cha Kiingereza, walikuwa wakikitumia kila siku. Walikitumia kufungua kipindi, kunyamazisha wenye kelele, kumtia moyo mwenye haya. Walikitumia kueleza maana ya neno ambalo fasili yake ya Kiingereza ingekuwa ngumu kuliko neno lenyewe. Somo lilipogusa kitu kisichokuwapo Jaffna, walitafuta kinacholingana nacho katika maisha ya mtoto na kukieleza kwa Kitamil, kisha wakarudi katika Kiingereza. Wanafunzi nao walisaidizana kwa minong'ono ya Kitamil kukamilisha kazi za Kiingereza. Katika makala ya mwaka 1995 Canagarajah alieleza kwamba kubadili lugha huku kulikuwa na mpangilio, na kwamba kulikuwa kukimwandaa mtoto kwa maisha ya mji ambao watu wake hupishanisha lugha mbili katika sentensi moja.

Mwalimu wa Morogoro au Mwanza hahitaji kuelezwa zaidi. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, lakini Kiingereza kikabaki sekondari na vyuoni. Wachunguzi wawili, Clive Criper na William Dodd, waliripoti mwaka 1984 kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Mjadala uliofuata, pamoja na utafiti wa pamoja wa Tanzania na Afrika Kusini ujulikanao kama LOITASA ulioanza mwaka 2002, kwa kawaida umekuwa ukiuliza lugha ipi ichaguliwe. Canagarajah aliuliza walimu wanafanya nini kabla wakubwa hawajamaliza kuchagua.

Kitamil safi kwa amri

Ingekuwa rahisi kumfanya Canagarajah shujaa wa lugha ya mama dhidi ya Kiingereza. Yaliyotokea Jaffna hayaruhusu hilo. Kuanzia mwaka 1990 hadi jeshi la serikali lilipoutwaa mji mwishoni mwa 1995, rasi hiyo ilikuwa mikononi mwa Tamil Tigers, ambao walikuwa na sera ya Kitamil kitupu. Maneno ya kigeni yalitakiwa kung'olewa. Mtu aliyetaka kibali cha kusafiri nje ya eneo lao alihojiwa kwa Kitamil, na Canagarajah ameripoti jinsi ofisa kijana alivyoweza kumkatiza mzee msomi kwa sababu ya neno moja la Kiingereza lililomponyoka.

Watu walitii mbele ya meza ya ofisa, wakarudi nyumbani wakiendelea kuchanganya. Alichobaini, na kukiandika katika jarida la Language in Society mwaka 1995, ni kwamba Kiingereza kitupu kilipungua katika mazungumzo ya wasomi, lakini Kitamil chenye maneno ya Kiingereza kilienea hata kwa watu ambao hawakupata kusoma Kiingereza. Amri ilikuwa na bunduki nyuma yake, na bado sokoni na majumbani watu walisema walivyozoea.

Karatasi, kalamu na posta

Utafiti huo wote uliandikwa katika mji uliowekewa vikwazo vya kiuchumi. Umeme ulikuwa umekatwa, mafuta yalikuwa adimu, na karatasi ilihesabiwa. Majarida ya Magharibi yalimtaka mwandishi atume nakala kadhaa zilizopigwa chapa vizuri, zenye nafasi pana kati ya mistari, katika karatasi nzuri. Nafasi pana kati ya mistari ni anasa kwa mtu anayeandika nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika. Barua ilichelewa kwa miezi, na mhakiki aliporudisha kazi akisema mwandishi hajasoma makala fulani mpya, makala hiyo haikuwa katika rasi nzima ya Jaffna.

Mwaka 1996 Canagarajah alichapisha makala kuhusu masharti haya ambayo hayahusiani na ubora wa fikra, na mwaka 2002 akayapanua katika kitabu A Geopolitics of Academic Writing. Anaonyesha jinsi msomi mzuri anavyoweza kuonekana hafai kwa sababu ya posta na karatasi, na jinsi maarifa ya watu wa pembezoni yanavyofika duniani yakiwa yameandikwa na wageni waliokuja kwa miezi mitatu. Wahadhiri wa Dar es Salaam na Makerere waliofanya kazi miaka ya 1980, wakati maktaba zilipokosa fedha za kulipia majarida, wangeisoma sura baada ya sura wakitikisa kichwa.

Anaeleza pia kwamba wahadhiri wenzake wa Jaffna hawakuwa wavivu wa kufikiri. Mijadala yao ilikuwa mikali, ila ilifanyika kwa mdomo, na walioisikia walikuwa ni wale waliokuwapo.

Mwaka 1994 aliondoka Jaffna. Kitabu chake cha kwanza kikubwa, Resisting Linguistic Imperialism in English Teaching, kilitoka mwaka 1999 na kupata Tuzo ya Mina Shaughnessy ya Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2009 alikuwa mhariri wa TESOL Quarterly, jarida lilelile. Mtu aliyewahi kukosa karatasi za kuwatumia wahariri akakaa katika kiti chao.

Makala tatu za mzee mmoja

Marekani ilimpa wanafunzi wa aina nyingine. Akiwa Texas aliwahi kufundisha uandishi kwa vijana wa Kimarekani weusi, na kama Jaffna, aligundua kwamba waliandika kwa lugha moja walipojua mwalimu anasoma na kwa nyingine walipozungumza wao kwa wao. Alianza kuyaita maeneo hayo ya faragha nyumba salama, akitumia msamiati ulioanzishwa na Mary Louise Pratt, na kudai kwamba humo ndimo mwanafunzi anamojaribu lugha mpya bila kuogopa kuchekwa.

Mfano wake unaoeleweka kwa urahisi zaidi ni wa profesa Karthigesu Sivathamby, mhakiki mashuhuri wa fasihi ya Kitamil aliyefariki mwaka 2011. Canagarajah alilinganisha makala tatu za mzee huyo: moja ya Kitamil kwa wasomaji wa nyumbani, moja ya Kiingereza kwa wasomaji wa nyumbani pia, na moja ya Kiingereza kwa jarida la nje. Walimu wengi wangedhani kwamba makala mbili za Kiingereza zitafanana, kwa kuwa lugha ni moja. Hazikufanana. Mwandishi alibadili namna ya kuanza, kiasi cha kujitapa au kunyenyekea, na mahali pa kuweka hoja, kulingana na nani atasoma. Katika makala yake ya mwaka 2006 Canagarajah alisema hapo ndipo wanafunzi wa lugha wanapopaswa kufundishwa: kuvuka kutoka hadhira moja hadi nyingine, wakijua wanachokifanya. Kosa la kweli na uamuzi wa makusudi vinaweza kufanana kwenye karatasi, na mwalimu asiyeuliza hawezi kuvitofautisha.

Kutoka hapo alifika katika wazo lililomletea sifa na lawama nyingi zaidi, lililoelezwa kwa kirefu katika Translingual Practice cha mwaka 2013. Anadai kwamba kwa watu wengi duniani lugha hazikai katika masanduku yaliyofungwa. Anataja maandishi ya kale ya India Kusini yaliyochanganya Kisanskriti na lugha za wenyeji. Msomaji wa pwani atakumbuka tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa waliohojiwa kwa ajili ya kitabu hicho ni wataalamu waliohama kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao hawakueleza mafanikio yao kwa kusema kwamba walifikia matamshi ya mzawa. Walieleza uvumilivu, kurudia, kuuliza, na kumsoma mtu waliyekuwa wakizungumza naye.

Wapinzani hawakukawia. Paul Kei Matsuda, mtaalamu wa uandishi katika lugha ya pili, alionya mwaka 2014 kwamba wazo hilo limekuwa fasheni kabla ya kueleweka, na wengine wakasema walimu wanaweza kusahau kumfundisha mwanafunzi lugha anayoihitaji ili apate kazi. Ni pingamizi zito, hasa katika nchi ambayo mtihani wa taifa hausahihishwi na mwenye nadharia. Canagarajah mwenyewe hajapata kusema kwamba mwanafunzi asifundishwe Kiingereza sanifu. Alichokataa ni kwamba kifundishwe kana kwamba mwanafunzi ameingia darasani mikono mitupu.

Katika darasa lake la Pennsylvania alikuwapo mwanafunzi kutoka Saudi Arabia aliyeandika historia yake ya kusoma na kuandika. Aliweka ndani ya insha ya Kiingereza maneno ya Kiarabu, kwa herufi za Kiarabu, bila tafsiri. Wenzake walilalamika kwamba hawaelewi na wakamwomba afafanue. Alisikiliza, akairekebisha insha yake, na baadhi ya maneno yale akayaacha kama yalivyo, akisema anataka msomaji naye afanye kazi kidogo.